Kumpokea aliyetoka gerezani na kumwingiza kazini: mwongozo kamili kwa watu wa Mwanza

Mwanza kazi nyingi hazitangazwi. Kijana anapata kibarua Mwaloni kwa sababu mjomba wake anajuana na tajiri wa dagaa. Fundi wa Igoma anachukua msaidizi aliyeletwa na shemeji yake. Mama wa Kirumba anampa jirani kazi ya kuanika kwa sababu wanasali pamoja. Sasa mfikirie mtu aliyekaa Gereza Kuu la Butimba miaka minne. Waliomjua wamehama, wengine wametangulia mbele za haki, na waliobaki wanamkumbuka kwa jambo moja tu. Nguvu anazo na hamu ya kazi anayo. Anachokosa ni mtu wa kusema mbele ya wengine: huyu namjua, nasimama naye.

Mwongozo huu ni wa huyo mtu wa kusimama naye. Unaweza kuwa dada yake, mzee wa kanisa, imamu, mwenyekiti wa mtaa, fundi mwenye karakana ndogo, au rafiki wa zamani ambaye hukumkimbia. Humu nitakuita mdhamini. Sizungumzii dhamana ya mahakamani; nazungumzia mtu ambaye jina lake zuri linamfungulia mwenzake mlango. Nimeona watu wenye ujuzi mkubwa wakirudi gerezani kwa kukosa mtu wa namna hii, na nimeona wasio na ujuzi wowote wakisimama imara kwa sababu walikuwa naye.

Hatua ya kwanza: anza kabla geti halijafunguliwa

Familia nyingi husubiri simu ya "nimetoka." Wakati huo umeshachelewa. Nenda kumtembelea angalau miezi mitatu kabla ya tarehe yake, na jambo la kwanza la kuuliza ofisini ni tarehe hiyo hasa. Kwa kawaida mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo tarehe mnayoihesabu nyumbani kuanzia siku ya hukumu mara nyingi siyo. Kuna pia msamaha wa Rais, unaotolewa kwa mujibu wa ibara ya 45 ya Katiba na ambao mara nyingi huja kwenye sherehe za kitaifa kama Uhuru, tarehe 9 Desemba, au Muungano, tarehe 26 Aprili. Msamaha haupigi hodi. Mtu anaweza kuambiwa leo na kesho yuko barabarani na kifurushi, nyumbani hakuna aliyejiandaa. Ikiwa ndugu yenu yuko kwenye kundi linaloweza kuguswa, jiandaeni kana kwamba anatoka mwaka huu.

Ukiwa naye, ongeeni mambo manne bila kuzunguka. Atalala wapi usiku wa kwanza na mwezi wa kwanza? Anatumia dawa gani? Amejifunza kazi gani akiwa ndani? Na nani ana kinyongo naye huko nje? Swali la mwisho ndilo linalokwepwa sana, na ndilo linaloamua kama atarudi mtaa uleule au la.

Kama alifanya useremala, ushonaji, ujenzi, kufyatua tofali au kilimo, omba kwa heshima uongozi wa gereza uandike kwamba alifanya kazi hiyo na kwa muda gani. Kama alipimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, akiwa ndani, cheti kifuatiliwe kabla hajatoka. Baada ya hapo kulifuatilia faili ni safari nyingine. Usiogope kuomba. Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha Desemba 2015, zinasema maisha ya mfungwa baada ya kifungo yafikiriwe tangu anapoanza kukitumikia, na kwamba anayetoka apatiwe nyaraka na vitambulisho vinavyomfaa. Unachokiomba si upendeleo.

Hatua ya pili: karatasi, kwa mpangilio wake

Karatasi ya kuachiwa ndiyo ya kwanza. Itoeni nakala tatu siku hiyohiyo: moja ibaki nyumbani, moja kwako, moja atembee nayo. Halisi isitembee mfukoni kwenye jasho la kibarua. Karatasi hiyo ndiyo itakayomjibia siku askari wa doria atakapomuuliza ametokaje.

Kisha barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Kisha NIDA, yaani kitambulisho cha taifa. Msiruke mpangilio huu, kwa sababu namba ya NIDA ndiyo mama wa mengine yote: laini ya simu, namba ya mlipakodi, leseni ya udereva, akaunti ya benki. Aliyefungwa kabla ya 2020 atakuta laini yake ya zamani haipo, maana laini zote zilitakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole na zisizosajiliwa zikafungwa. Usimpe laini iliyosajiliwa kwa jina lako ukadhani umemsaidia. Ikitumika kwenye jambo baya ni wewe utakayeitwa, na zaidi ya hapo yeye ataendelea kuishi kwa jina la mtu mwingine. Subirini wiki hizo chache. Kama alishawahi kujiandikisha NIDA zamani, namba yake ipo. Nendeni ofisi ya wilaya waitafute badala ya kuanza upya na kuzua mkanganyiko wa majina.

Vyeti vya shule vikipotea, anzeni polisi kwa taarifa ya upotevu. Namba ya mlipakodi inatolewa bure na TRA. Anayeomba hela ya kuitoa ni tapeli.

Halafu kuna masharti. Aliyetoka kwa parole, yaani aliyeachiwa mapema kwa masharti, au anayetumikia adhabu ya huduma kwa jamii, hajamaliza na serikali. Ana afisa wa kuripoti kwake, ana siku za kuripoti, na mara nyingi haruhusiwi kuondoka eneo lake bila ruhusa. Soma masharti hayo mstari kwa mstari ukiwa naye kabla ya kufikiria kazi. Kazi ya kwenda kisiwani mwezi mzima inaweza kumrudisha ndani hata kama anaifanya kwa uaminifu wote.

Hatua ya tatu: wiki ya kwanza, mwili na usingizi

Magereza yana msongamano, na pale watu wanapolala wamebanana kifua kikuu hupata njia. Akikohoa wiki mbili au zaidi, akitoka jasho usiku, apelekwe kupimwa. Vipimo na dawa za TB ni bure na matibabu ya kawaida ni miezi sita, na akikatiza katikati anajiumiza yeye na waliomo ndani ya nyumba. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi atoke na barua ya uhamisho, na ndani ya siku chache awe ameshaandikishwa kwenye CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo, ya karibu, Sekou Toure, Butimba au kituo cha afya cha kata yenu. Nimeona mtu akikaa miezi miwili bila dawa kwa kuona aibu ya kuuliza kliniki iko wapi. Mpeleke wewe mwenyewe mara ya kwanza.

Kuhusu sherehe, fanyeni ndogo. Chakula, sala, watu wa nyumbani. Umati, muziki na pombe siku ya kwanza humkutanisha na wale mnaotaka akae nao mbali, na kwa mtu aliyelala miaka kwa kengele na kuamka kwa kuhesabiwa, kelele zile ni mateso. Wengi hawapati usingizi wiki za mwanzo. Wengine wanaomba ruhusa ya kwenda msalani ndani ya nyumba yao wenyewe. Usimcheke. Inaisha.

Hatua ya nne: mtaa, balozi na sungusungu

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo mambo mengi huharibika.

Usukumani ndiko sungusungu walikoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walipochoka kuibiwa ng'ombe. Ulinzi huo, au ulinzi shirikishi kama unavyoitwa mitaa mingi ya mjini leo, upo hai, na watu wanauamini. Maana yake kwa ndugu yako ni hii: usiku wowote kitakapoibiwa kitu, iwe kuku, betri ya sola au pikipiki, jina lake litatajwa kabla ya asubuhi. Hata kama alifungwa kwa kesi ya ugomvi na hajawahi kuiba sindano. Kelele ya mwizi ikipigwa, wananchi wenye hasira hawasubiri ushahidi. Hili ni suala la uhai wake, siyo la heshima tu.

Kwa hiyo nendeni mbele ya mtaa kabla mtaa haujawajia. Ndani ya wiki ya kwanza, mchana, mwende watatu: yeye, wewe, na mzee mmoja anayeheshimika ambaye si wa ukoo wenu. Anzeni kwa balozi wa nyumba kumi, kisha mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kisha polisi kata. Mchukue karatasi ya kuachiwa. Mzee ndiye aanze kusema. Maneno yawe mafupi, kitu kama hiki:

"Shikamoo mwenyekiti. Tumemleta kijana wetu. Alikuwa Butimba, adhabu yake ameimaliza, karatasi hii hapa. Anakaa kwa dada yake, nyumba ile ya geti la bluu. Hatukuja kuomba asichunguzwe. Tumekuja kuomba kikitokea kitu aitwe, asifuatwe. Namba yangu ni hii, na mimi nitamleta mwenyewe saa yoyote."

Sentensi ya "aitwe, asifuatwe" ndiyo mkataba wenyewe. Mwenyekiti akiikubali, muombeni awaambie makamanda wa ulinzi mbele yenu. Wakitaka zamu ya doria na yeye ashiriki, au alipe mchango wa ulinzi kama wenzake, akubali. Mtu aliyelinda mtaa pamoja na wengine ni vigumu kumgeuzia fimbo. Kwa miezi ya mwanzo awe na ratiba inayojulikana: saa ya kutoka, saa ya kurudi, mahali pamoja pa kulala. Si kifungo kingine; ni ushahidi unaojiandika wenyewe.

Vijijini, kule Kwimba, Misungwi na Magu, mlango ni nzengo, yaani umoja wa wakazi wa kijiji. Nzengo inazika, inalima pamoja, inatoza faini na kumtenga mkaidi. Asipopokelewa na nzengo, hata akipata kibarua hatakuwa na mtu wa kumsaidia siku ya msiba. Wazee ndio wapelekwe mbele, na mara nyingi kuna utaratibu wa kutoa kitu kidogo cha kuonyesha unyenyekevu. Fuateni utaratibu wa hapo mlipo, msilete wa mjini.

Kuhusu aliyekosewa: yeye mwenyewe asiende. Hata kwa nia njema ya kuomba radhi, kumtokea mlangoni mtu uliyemjeruhi ni kumjeruhi mara ya pili. Wazee au viongozi wa dini waende peke yao, waulize kama familia ile iko tayari kusikia chochote. Ikijibu hapana, ni hapana, na msirudie mwezi unaofuata. Kama mahakama iliamuru fidia na haijaisha, ulipaji uanze hata kwa kiasi kidogo kupitia mahakama, na risiti zitunzwe. Na kama kosa lilikuwa la ubakaji, la kumdhuru mtoto, au damu ilimwagika, asirudi kuishi mtaa anaoishi aliyeumizwa. Hapo sina nafasi ya kubembeleza. Mwanza ni kubwa. Kuna Buhongwa, kuna Kishiri, kuna Nyamhongolo. Tafuteni chumba mbali.

Hatua ya tano: kazi ya kwanza

Kazi ya kwanza haihitaji kuwa nzuri. Inatakiwa iwe na sifa tatu: ilipe kwa siku au kwa wiki, isimkabidhi fedha wala funguo za watu miezi ya mwanzo, na iwe mahali ambapo wewe unaweza kupita na kumsalimia bosi. Sifa ya tatu inazidi zote.

Tazameni kwanza kilichobadilika. Aliyekuwa akiuza mahindi na maji kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo atakuta hakuna foleni. Daraja la kwenda Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na magari yanapita tu. Aliyeacha meza yake Makoroboi atakuta wamachinga wamepangwa upya. Kabla hajaamua "narudi kwenye biashara yangu," tembeeni naye sokoni, aone kwa macho yake.

Dagaa ni mlango mkubwa, ila uujue ulivyo. Wavuvi huvua dagaa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga unatawanyika, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Mtu anayebeba magunia Mwaloni au kuanika Igombe atakuwa na hela siku za giza, halafu ghafla hana hata ya chumvi. Mvua ikinyesha juu ya dagaa waliolala mchangani, mzigo unashuka daraja na malipo yanapungua. Mgeni wa kazi hii akipata siku nane nzuri anadhani ametoka kimaisha, zikija siku za mwezi anakata tamaa, na hapo ndipo rafiki wa zamani anapomtokea na "mpango." Mfundishe tangu siku ya kwanza kugawa fedha za giza zimfikishe kwenye giza linalofuata. Pale wanapoanika kwenye chanja badala ya mchangani, kazi ni safi na bei ni nzuri zaidi. Ukipata tajiri wa chanja, mpe kipaumbele.

Kuingia majini ni jambo jingine. Wengi watakuambia apelekwe visiwani, makambini, ambako hakuna anayeuliza ulikotoka. Mimi nashauri asiende, angalau mwaka wa kwanza. Kule hakuna anayeuliza kwa sababu hakuna anayejali. Mtu anakula kwa mkopo wa kambi, anakunywa kwa mkopo, na mwisho wa msimu anadaiwa na tajiri. Hatari nyingine ni ya kisheria: mtumbwi ukikamatwa na makokoro, nyavu za macho madogo, au sangara wa chini ya sentimita 50, mabaharia wanakamatwa pia, na mwenye mtumbwi yuko zake Kirumba. Akilazimika kuvua, avue kwenye mwalo wa karibu, na leseni yake ya uvuvi iwe mkononi. Aulize nyavu zikoje kabla ya kupanda. Aukatae mtumbwi mbovu hata kama hana kazi nyingine.

Ujenzi ndio naupenda kuliko zote kwa mtu wa namna hii. Saidia fundi analipwa jioni, kazi inaonekana, na fundi mzuri ni mwalimu mkali anayesahau mambo ya jana ukimchanganyia zege vizuri leo. Miamba ya Mwanza inalisha watu pia: kuponda kokoto ni kazi ngumu, haina tajiri, na mtu anaweza kuanza kesho kwa nyundo. Lakini isiwe ya kudumu; vumbi na macho havipatani.

Bodaboda inatamaniwa na kila kijana. Ngojeni kidogo. Inataka leseni, inataka mtu wa kumwamini na pikipiki ya mamilioni, na hesabu ya tajiri inadaiwa kila jioni, upate abiria usipate. Na pikipiki ikiporwa, atakayeaminika ameporwa kweli ni nani? Baada ya mwaka mmoja wa rekodi safi, sawa.

Viwanda vya samaki huajiri kwa vipindi, hupima afya kabla ya kazi, na mara nyingi huchukua watu kupitia mawakala. Apime afya yake mapema, na asitoe hela yoyote kwa mtu anayeahidi "kumwingiza." Kazi za ulinzi, fedha na zile zinazotaka cheti cha polisi cha rekodi ya uhalifu, ziacheni kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa mambo mengi, kabila, dini, jinsia, ulemavu, lakini kifungo cha zamani hakimo kwenye orodha hiyo. Mwajiri akikataa kwa sababu hiyo, nguvu mliyo nayo ni maneno na jina la mdhamini.

Namna ya kuongea na mwajiri

Aseme mwenyewe kwamba alifungwa? Jibu langu ni ndiyo kwa mwenye kazi, hapana kwa wafanyakazi wenzake. Mwanza ni mji mkubwa wenye masikio ya kijiji. Mwajiri atasikia tu, na akisikia kwa mpita njia atahisi alidanganywa na nyote wawili.

Wewe utangulie peke yako. Usimpeleke kwanza halafu ukaanza kueleza mbele yake kama unauza ng'ombe mnadani. Sema kosa kwa jina lake bila kulipamba: "Alifungwa kwa wizi wa kuvunja duka. Alikuwa na miaka 22. Sasa ana 27, na amefanya useremala ndani." Kisha sema wewe utafanya nini: "Nitapita kila Jumamosi. Asipofika kazini nipigie mimi kwanza. Mjaribu wiki mbili, malipo yawe kama ya wengine." Usiahidi kulipa kitakachopotea kama huna uwezo wa kulipa. Ahidi kupatikana, na kweli upatikane.

Baada ya hapo yeye aende mwenyewe, asubuhi mapema, amevaa nguo za kazi. Akiulizwa, ajibu kwa sentensi mbili tatu na asimalize kwa machozi wala kwa kumlaumu hakimu. Mazoezi ya majibu hayo myafanye nyumbani. Kijana mmoja niliyemsaidia alikuwa akijibu kila swali akiwa ameinamisha kichwa na mikono nyuma, kama alivyozoea mbele ya bwana jela. Fundi alidhani ana kiburi. Tulichofanya ni kumpa bilauri ya chai mkononi kila tulipofanya mazoezi, hadi mikono ikazoea kuwa mbele.

Kwako wewe unayeajiri, nina machache. Mlipe kama wengine. Anayelipwa nusu "kwa sababu umemsaidia" atajua, na wenzake watajua. Makubaliano yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari: kazi, malipo, siku. Kitu kikipotea, ulizeni wote kwa pamoja, asiitwe yeye peke yake. Na akishafikisha miezi sita kazini, ukimwachisha bila sababu wala utaratibu, ana haki ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kama mfanyakazi mwingine yeyote, ndani ya siku 30.

Ujuzi uwe na karatasi

Seremala aliyefundwa gerezani ni seremala, ila mteja hawezi kuona hilo usoni. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini bila kukaa darasani. Nendeni chuo cha VETA Mwanza, pale Nyakato, muulize dirisha la usajili linafunguliwa lini na fani zipi zinapimwa. Cheti hicho hakiandiki ulijifunzia wapi, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao hutoa mafunzo mafupi ya usindikaji, sabuni, ngozi na biashara ndogo. Asiyejua kusoma vizuri aanze na kusoma, kwenye madarasa ya watu wazima au kwa mwanao wa darasa la sita mezani jioni.

Hela

Miezi sita ya kwanza asikope. Nasema hivi nikijua shida zilivyo. Mikopo ya kausha damu inawatafuta hasa watu wasio na pa kushika, na dhamana huwa ni godoro, simu, au hofu ya kudhalilishwa. Mtu aliyeonja jela anapotishiwa polisi kwa deni la shilingi laki moja, anakimbia mji, na kazi yote mliyoijenga inakimbia naye.

Aanze na kuweka. Aingie kwenye kikundi cha hisa cha mtaa ambacho wewe umo au unakijua. Vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kwa hiyo muone cheti. Hisa moja kwa wiki yatosha. Kinachojengeka pale ni zaidi ya fedha: ni watu ishirini wanaomwona kila wiki akifika kwa wakati.

Baadaye, akiwa na kikundi na kazi inayoeleweka, ipo mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023 na kurudi 2024 kwa utaratibu mpya, hivyo asitegemee maelezo ya aliyekopa zamani. Amuone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Wanakikundi wenzake waambiwe ukweli kabla ya kusaini.

Mwanamke anapotoka

Mwanamume akifungwa, mara nyingi mkewe au mama yake hupeleka sabuni Butimba. Mwanamke akifungwa, mara nyingi hakuna anayekuja. Akitoka anakuta mume ameoa, watoto wako kwa bibi mzaa baba, na ukoo hautaki kumwona. Kazi anaweza kupata haraka, kuanika dagaa, mama lishe, kushona, lakini hatatulia kazini kabla hajajua watoto wako wapi. Kwa hiyo kwake mpangilio unageuka: Afisa Ustawi wa Jamii aonwe wiki ya kwanza, suala la watoto lifunguliwe kwa amani, na mdhamini awe mwanamke. Mwanamume mgeni anayemsimamia atazua maneno ambayo yeye ndiye atakayeyalipia. Asipewe chumba na mwenye kazi anayelala nyumba ileile bila wengine kuwepo.

Akiteleza

Kuna atakayelewa siku ya malipo na kukosa kazini. Kuna atakayeonekana na watu wa zamani. Usikimbilie kumfukuza wala kumfunika. Muulize mkiwa wawili, siku hiyohiyo, na mpeane jambo moja la kurekebisha wiki hiyo. Akidanganya mara kwa mara au akiiba, mwambie wazi kwamba jina lako unaliondoa, kisha liondoe kweli; mwenyekiti na mwajiri waambiwe na wewe. Jina ulilolitumia kwake utalihitaji kwa mwingine atakayetoka baada yake.

Akikamatwa kwa tuhuma, nenda kituoni uliza kosa ni lipi na amekamatwa saa ngapi. Kwa kawaida anapaswa kupewa dhamana au kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Mpelekee nakala ya karatasi ya kuachiwa, na mtafute msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanasajiliwa, na ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya itakuelekeza kwao. Kama usiku wa tukio alikuwa doria au nyumbani, waliomwona waende kuandika maelezo kesho yake asubuhi, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Kisha pita kwa mwajiri kabla habari haijamfikia, mweleze unachokijua na usichokijua, na umuombe amweke mtu wa muda kwenye nafasi ile badala ya kuifunga.